Barua ya wazi: Mtalii amelala Kariakoo, nyinyi mnamsubiri uwanja wa ndege

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Meya wa Jiji, na waheshimiwa mameya wa Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: WAGENI WA JIJI HILI AMBAO HAMUWAITI WATALII

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri. Wengine habari za kazi.

Naandika nikiwa mapokezi ya gesti yangu hapa Kariakoo, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni. Ni gesti ya vyumba kumi na vinne: feni kila chumba, kiyoyozi vinne tu, na tangi juu ya paa kwa siku ambazo bomba limekauka. Niliingia nyumba hii kufua mashuka, enzi ambazo stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa bado haijahamia Ubungo, sembuse Mbezi. Leo funguo zote ninazo mimi.

Mbele yangu kipo kitabu cha wageni. Mnakijua, maana hata nyinyi mmewahi kulala gesti kabla hamjawa waheshimiwa: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho au pasi, sahihi. Askari huja kukikagua, na mimi hukijaza kwa adabu zote. Safu ya kabila huwatatiza sana wageni wa nje. Kuna kijana wa Zambia, mhudumu wangu alipomwambia ajaze hapo, alifikiri kidogo akaandika "Yanga".

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa na akina mama wawili wa Lubumbashi, mfanyabiashara mmoja wa Kitwe, mama na binti yake kutoka Moroni kule Komoro, kijana wa Blantyre na ndugu wawili wa Bujumbura. Waliobaki ni wetu wenyewe: Songea, Kahama, Masasi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Serengeti iko upande gani.

Nasoma magazeti, na taarifa zenu nazisikia redioni. Mwaka 2023 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2.1. Ukikumbuka kwamba mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walishuka hadi laki sita na kitu, hiyo si kazi ndogo, na pongezi mnastahili. Filamu ile ya 2022, The Royal Tour, ambamo Rais mwenyewe alikuwa mwongoza wageni, nayo iliwafikia watu ambao tangazo la kawaida lisingewafikia. Ila kila taarifa ikitoka, picha inayopambwa juu yake ni ileile: mzungu, kofia, darubini, twiga.

Kwa tafsiri ya Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, mtalii ni yeyote aliyetoka kwenye makazi yake ya kawaida akalala ugenini angalau usiku mmoja, na asipitishe mwaka, ili mradi hakuja kuajiriwa. Awe amekuja kustarehe, kufanya biashara, kutibiwa, kuhiji au kumwona shangazi, anahesabika. Kwa hiyo kitabu changu kimejaa watalii kuanzia jalada hadi jalada. Na nyinyi kwenye hesabu mnawaweka: Kenya na Burundi zimo miongoni mwa nchi zinazotuletea wageni wengi, na sidhani kama Warundi wote wale walikuja kupanda Kilimanjaro. Wakati wa kujumlisha mnawahesabu. Ikifika wakati wa kupanga jiji wanakuwa wapita njia.

Niruhusuni niwaeleze habari za mgeni mmoja. Mtaa mzima unamwita Mama Lubumbashi, nami nitamwita hivyo hivyo. Anakuja mara tatu kwa mwaka. Anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anaipita Zambia nzima, anaingia Tunduma, na kufika kwetu ni siku mbili tatu za kukaa kwenye kiti. Akifika anaomba maji ya moto kwa Kiswahili chake kile cha kwao, "Mama, iko maji moto?", analala hadi saa nne asubuhi, kisha kazi inaanza.

Anaanza na supu na chapati kwa mama lishe wa pembeni hapa. Anamtafuta winga wake. Kwa waheshimiwa ambao hamfiki sana Kariakoo: winga ni kijana asiye na duka lakini anayajua maduka yote, ndiye anayemwongoza mgeni na ndiye anayeweka cha juu chake. Mgeni anapita Mtaa wa Kongo kwa nguo za watoto, anaingia ndani zaidi kwa vitenge, anamalizia na mashuka na mabegi ya shule. Kila anaponunua, kuli anabeba mpaka kwenye guta, na guta linaleta kwenye stoo. Stoo inalipiwa kwa siku. Siku ya tatu wanakuja wafunga robota na nailoni zao, kamba, sindano ya magunia na maka peni ya kuandikia jina. Ukiwaona wanavyolikanyaga robota likashikana utadhani wanatwanga. Kirikuu inalipeleka kwenye lori, na huko anasubiri wakala wa mzigo naye na malipo yake. Katikati ya hayo Mama Lubumbashi anasuka nywele, kila safari lazima asuke, maana anasema wasusi wa hapa wana mkono mwepesi. Ananunua laini ya simu. Ananunua dawa ya presha ya mama yake. Ananunua jezi mbili, ya mtoto na ya mume.

Hesabuni wenyewe ni watu wangapi wamekula kwa mkono wa mama mmoja katika siku nne, na wengi wao ni vijana ambao kila mwaka mnatafuta mradi wa kuwapa ajira. Fedha yake haipiti kwenye geti la hifadhi ndiyo maana hamuioni. Inapita kwenye apron ya mama lishe na mfuko wa suruali wa mbeba mzigo, ikitoka hapo inakuwa kodi ya chumba Mbagala na ada ya shule Gongo la Mboto. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa Kariakoo tunapona kweli, hatusemi kwa kupamba.

Sasa nieleze tunavyompokea.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, basi lake linaweza kufika stendi ya Mbezi saa tisa za usiku. Stendi ni nzuri, kubwa, tangu 2021 tunajivunia. Lakini iko mbali na mjini, na saa hizo mgeni ana dola mkononi hana shilingi. Machi 2025 zilitoka kanuni kwamba bei zote ndani ya nchi ziwe kwa shilingi. Siipingi hata kidogo. Nchi iwe na fedha yake na iheshimiwe. Lakini kanuni ikishasema hivyo, mgeni anayefika usiku apate pa kubadilishia kwa bei halali. La sivyo anabadilishiwa na dereva wa bodaboda gizani, kwa bei anayoijua dereva. Wangu wawili wameshapewa noti ambazo asubuhi mama lishe alizikataa.

Halafu kuna habari ya risiti. Mnajua kilichotokea Mei 2023, maduka yakafungwa Kariakoo nzima kwa malalamiko ya kodi hadi Waziri Mkuu akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Na Juni 2024 yakafungwa tena. Kodi ilipwe, mimi nalipa yangu na risiti natoa. Lakini mzigo usipokuwa na risiti, au risiti ikiandikwa pungufu, anayesimamishwa barabarani ni nani? Mwenye duka yuko ndani na feni yake. Anayesimamishwa ni mgeni, ndiye aliye na robota. Mwaka jana mgeni wangu wa Kitwe alizuiwa na mzigo wake tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, juani, na watu ambao sitaitaja ofisi yao, hadi basi lake likaondoka na tiketi ikafa. Jioni alirudi kwangu amekasirika hata salamu hakuitikia. Hakuomba kutolewa kodi. Aliniuliza tu: kwa nini hakuna aliyemwambia, tangu Tunduma, kwamba huku mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa? Sikuwa na jibu. Nimepita Tunduma mwenyewe. Mabango ya twiga yapo.

Nisiwatwike nyinyi mzigo wote. Na sisi tuna yetu. Wapo mawinga wanaoweka cha juu hadi bei inazidi ya kule mgeni alikotoka. Zipo gesti, sitasema ziko mtaa gani, ambazo godoro limebonyea katikati kama mtumbwi, na zikisikia lafudhi ya Kikongomani bei inapanda palepale kwenye ngazi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, miaka ile ya njaa. Mgeni akajua, na hakurudi kwangu. Nikamwona mwaka uliofuata akishuka gesti ya jirani.

Maana mteja hana ndoa na Kariakoo. Kijana wa Blantyre aliyelala kwangu jana ameshakwenda Guangzhou mara moja na anaijua kuliko anavyoijua Temeke. Wengine wanaikumbuka Dubai. Nairobi ina Eastleigh, Kampala ina Kikuubo. Hao wote wanamtaka mama yuleyule wa vitenge.

Na msiseme hamlijui hili. Pale Ubungo, ilipokuwa stendi ya zamani, limesimama jengo la biashara lenye maduka zaidi ya 2,000, na shabaha yake ni hao hao wanunuzi wa nchi jirani. Mwaka 2025 mkatangaza Kariakoo ifanye kazi saa 24. Kwa hiyo kuuza mnataka. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka kwamba mnunuzi ana mwili: analala, anaoga, anaumwa, anachoka, na siku ya nne mzigo ukishafungwa anabaki na mchana mzima wa kukaa mapokezi kwangu akitazama tamthilia iliyotafsiriwa.

Mchana huo ndio uliofanya nishike kalamu.

Mama Lubumbashi amekuja Dar es Salaam miaka na miaka, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza juzi. Nilimpeleka mimi. Tulikwenda Feri, akasimama pale soko la samaki Magogoni akitazama maji, akaniuliza kama yana mwisho. Alinunua pweza wa kukaanga, akala, akanunua mwingine. Alikuwa aondoke kesho yake alfajiri. Akaongeza siku, tukaenda Coco Beach kula mihogo na mishikaki. Usiku mmoja wa ziada, waheshimiwa, ambao haukutangazwa popote, haukutengewa bajeti, uliletwa na mama wa gesti mwenye muda wa Jumapili.

Na wala si lazima afike baharini. Kariakoo yenyewe ina mambo. Jina lake limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi hapa. Wageni wangu nikiwaeleza kwamba mahali hapa pamepewa jina na wabeba mizigo wanacheka mpaka machozi, kwa sababu wameshinda kutwa nzima wakibeba. Soko kuu, lile lililoungua usiku wa 10 Julai 2021, ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo wetu. Paa lake la zege limekaa kama miavuli iliyopinduliwa, na lilikusudiwa liwe linakinga maji ya mvua. Wanafunzi wa usanifu hutoka mbali kuja kulipiga picha. Sisi tunapita chini yake tukitafuta nyanya za bei nafuu.

Mkongomani akifika Mtaa wa Lumumba anasimama. Nimeona zaidi ya mara moja: anasoma kibao, anamwita mwenzake, wanapiga picha. Hajui kwamba ni mtaa huo huo, enzi unaitwa New Street, TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na hakuna wa kumwambia. Magomeni, mwendo mfupi tu kutoka hapa, nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere miaka ile ya kudai uhuru ni makumbusho. Ni wageni wangapi wanaolala Kariakoo wanalijua hilo? Na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiyo yanayotunza fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Watu wanakwenda mpaka bondeni Ngorongoro kuona mahali lilipookotwa, na fuvu lenyewe liko hapa mjini, nauli ya bajaji.

Halafu mpira. Yule kijana wa "Yanga" sikumtania. Vijana wa Zambia na Kongo wanazijua timu zetu kuliko wanavyoyajua majina ya mikoa yetu, kwa sababu ndugu zao wamecheza hapa: Mayele na kutetema kwake, Chama na pasi zake. Klabu ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga iko Jangwani, zote mbili ni mwendo wa mguu kutoka sokoni. Mgeni anauliza, "Nyumba ya Yanga iko wapi?" Anakwenda, anapiga picha ukutani, anarudi. Ingekuwa nchi nyingine pale pangekuwa na chumba cha makombe, duka la jezi halisi na tiketi ya kuingilia. Hapa anaishia ukutani, jezi ananunua feki barabarani.

Mama wa Moroni na binti yake ni habari nyingine, nao ni wengi kuliko mnavyodhani. Hawakuja kununua. Binti ana tatizo la moyo na wanakwenda Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tangu taasisi hiyo ianze kazi mwaka 2015 nimepokea wagonjwa wa Komoro, Kongo, Malawi, Zambia. Wanawasifu madaktari wetu. Hilo nalisema kwa furaha. Lakini mgonjwa wa nje halazwi siku zote. Anaambiwa rudi Alhamisi, rudi wiki ijayo, na wiki hiyo anakaa na ndugu yake mahali fulani, anakula, anatafuta mtu wa kumtafsiria Kifaransa. Tiba utalii mnaisema kwenye mikutano. Mimi ndiye ninayempikia uji wa mgonjwa, bure, kwa sababu hapa jirani hakuna anayeuza uji usio na sukari.

Watalii wale wa kofia nao wanapita, tena mamia, na wanatupita. Wanashuka Jengo la Tatu la uwanja wa ndege, lile lililofunguliwa 2019 lenye uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka, wanabadilisha ndege kwenda Arusha au Unguja, basi. Wanaotumia boti ndio hunisikitisha zaidi. Nendeni siku moja bandarini saa sita mchana. Mtawakuta wamekalia mabegi yao, boti ni saa kumi, wamevua viatu, wamekunja nyuso kwa jua. Ng'ambo ya barabara liko Boma la Kale, la zama za Sultani Majid bin Said, mwanzilishi wa mji huu. Hatua chache lipo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, mbele kidogo Azania Front, yote mawili ya wakati wa Wajerumani. Hawaendi popote kwa sababu hawana pa kuacha begi. Stoo moja ya mizigo yenye askari na risiti, choo kisafi, na ubao wa ramani: sidhani kama hapo panahitajika mkopo wa benki ya nje. Na majengo ya kale ya Samora yaliyobaki, kabla hayajavunjwa yote, yahesabiwe kama mtaji. Ghorofa la vioo mgeni ameliona kwao.

Mikutano mikubwa sitaigusa sana, mnaiweza. Januari 2025 walipokuja marais kwa mkutano wa nishati, jiji lilifagiliwa, barabara zikafungwa, watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Ninachouliza ni kama ufagio ule unaweza kufika Mtaa wa Sikukuu siku ambayo hakuna rais.

Hapo ndipo nafika kwenye swali ambalo majirani zangu wenye gesti wananituma niwaulize: bosi wa mgeni wa Dar es Salaam ni nani? Tangu Februari 2021, ilipovunjwa ile Halmashauri ya Jiji ya zamani na Ilala ikapewa hadhi ya jiji, tuna halmashauri tano. Mgeni wangu anashuka Ubungo, analala Ilala, anaangalia mpira Temeke, anakula samaki Kinondoni, anaoga bahari Kigamboni. Kila moja ina ushuru wake, mgambo wake na utaratibu wake. Utalii uko wizarani Dodoma. Masoko yako kwingine, mabasi kwingine, pasi kwingine. Mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na hakuna meza hata moja ambayo mtu anaweza kupeleka malalamiko ya mgeni aliyetapeliwa Mtaa wa Kongo akaambiwa, hapa ndipo penyewe.

Naomba meza hiyo iwepo. Iwe Kariakoo, iwe na mtu anayejua Kifaransa na anayeelewa Kibemba cha salamu, iwe wazi usiku kwa kuwa soko mmesema ni la usiku na mchana, na pembeni yake pawe pa kubadilishia fedha. Mawinga wasifukuzwe, kwani mkiwafukuza watarudi kwa mlango wa uani. Wasajiliwe, wapewe vitambulisho, wafundishwe kuongoza wageni. Tayari wanaongoza, wanachokosa ni hadithi za kuwapa wageni, na hadithi nimewaandikia hapo juu. Kanuni ya risiti ibandikwe Tunduma, Kasumulu na ndani ya mabasi, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Gesti zikaguliwe kwa godoro na kifaa cha kuzimia moto, siyo kitabu peke yake. Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapa likaua watu zaidi ya ishirini. Wiki ile wageni wangu wawili walilala na viatu miguuni. Sisi wenye vyumba tutachangia, mradi tuone tunachochangia. Mafuriko ya Jangwani sihitaji kuwakumbusha, mvua ikinyesha yanajikumbusha yenyewe.

Mwaka 2027 yanakuja mashindano ya AFCON, sisi, Kenya na Uganda. Agosti 2025 mlionja kidogo kwenye CHAN, siku ile tulipoifunga Burkina Faso mbili bila Uwanja wa Mkapa. Mashabiki wa Kongo na Zambia, timu zao zikifuzu, hawatashukia hoteli za ufukweni. Watakuja kwa basi, watauliza chumba cha bei ya kawaida, na watakuja hapa kwa sababu hapa ndipo mama zao walipolala. Mashuka nimeshaanza kuyabadilisha, mawili mawili kila mwezi kadiri mfuko unavyoruhusu. Sijui nyinyi mmeanzia wapi.

Kitabu changu cha wageni kipo wazi kwenu. Mkituma ofisa mmoja akae nami usiku mmoja tu, nitampa kiti na chai, na atawaona wakiingia mmoja mmoja na mabegi yao.

Niishie hapa. Chumba namba sita ameomba agongewe mlango saa tisa na nusu, basi lake la Tunduma linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na bodaboda ninayemwamini hajapokea simu bado.

Wenu,
Mama wa gesti,
Kariakoo, Dar es Salaam